Kupeana data za ramani kati ya mifumo miwili: mwongozo kamili, kuanzia koordineti hadi seva

Mamlaka ya maji ina ramani ya mabomba. Halmashauri ina ramani ya barabara, viwanja na mipaka ya mitaa. Barabara ikitaka kuchimbwa, pande zote mbili zinahitaji kuona kitu kimoja. Kwa kawaida faili hutumwa, hufunguka, mistari huonekana, na kazi huhesabiwa imekwisha. Kumbe bomba limehamia mtaa wa pili, kipenyo cha nje kimesomwa kama cha ndani, na kata kadhaa hazikuungana na takwimu zake kwa sababu ya alama moja ndogo ndani ya jina. Makosa haya hayaleti onyo lolote kwenye skrini. Fundi huyagundua akiwa ameshachimba.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, na mfano wake ni Dar es Salaam: upande mmoja una data za zamani zilizopimwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, upande wa pili unatumia WGS 84, ile ile ya GPS. Unahitaji programu ya ramani ya QGIS toleo la 3, vifaa vya GDAL toleo la 3 vya kusoma na kugeuza data za ramani (huja pamoja na QGIS), na ikiwezekana hifadhidata ya PostgreSQL yenye PostGIS, nyongeza yake ya data za ramani. Vyote ni vya bure. Upande wa pili ukitumia ArcGIS, programu ya ramani ya kulipia, hakuna neno, hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Soma faili kabla ya kuliweka kwenye ramani

Usianze kwa kuburuta faili ndani ya QGIS. Programu itakisia mambo kwa niaba yako, na ikikisia vibaya hutajua. Fungua dirisha la amri uandike:

```
ogrinfo -so -al mabomba.shp
```

Utapata idadi ya vitu vilivyomo, aina ya jiometri, mipaka ya eneo, mfumo wa koordineti kama upo, na orodha ya safu na aina zake. Nakili majibu haya kwenye faili la maandishi ulihifadhi. Utayarudia mwishoni.

Sasa tazama tarakimu za mipaka. Kwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, unatarajia mojawapo ya hizi:

- 39.28 na -6.82: ni digrii, longitudo na latitudo.
- Takriban 531,000 na 9,246,000: ni mita za UTM (mfumo unaogawa dunia katika kanda) kanda ya 37 Kusini. Hujui bado kama ni Arc 1960 au WGS 84.
- Takriban 4,372,000 na -761,000: ni Web Mercator, mfumo wa ramani za kwenye mtandao, wenye msimbo EPSG:3857 (EPSG ni orodha ya misimbo ya mifumo ya koordineti).

Mahali data inapoangukia ikikosewa ni dalili nzuri ya ugonjwa wenyewe. Dar es Salaam ikionekana magharibi mwa Hispania karibu na mpaka wa Ureno, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Ikiwa kusini mwa Ethiopia, alama ya kutoa imepotea. Ikiwa karibu na Ncha ya Kaskazini, mtu amechagua kanda ya 37 Kaskazini badala ya Kusini. Ikisogea kilomita 660 hivi kuelekea magharibi, imepewa kanda ya 36. Na nukta zikirundikana kwenye Ghuba ya Guinea, kule ni sufuri kwa sufuri: koordineti hazikujazwa kabisa.

Hayo ni makosa mepesi kwa sababu yanaonekana. Hatari ni lile linalofuata.

Hatua ya 2: Tambua datumu, kisha ibadilishe kwa vigezo unavyovijua

Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zimejengwa juu ya datumu ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. WGS 84 hutumia umbo jingine na kitovu kingine. Kwa Dar es Salaam, mahali pale pale pakiandikwa kwa mifumo hii miwili, tarakimu za UTM hutofautiana kwa takriban mita 300 kaskazini-kusini na mita 90 hivi mashariki-magharibi. Data ya Arc 1960 ikisomwa kama WGS 84 hujichora kaskazini ya mahali pake, ikivutika kidogo magharibi. Mita 300 ukiitazama ramani ya mkoa mzima huzioni. Ukiingia mtaani, bomba liko kwenye nyumba za watu wengine.

Misimbo ya kukumbuka ni hii:

- EPSG:21037 ni Arc 1960, UTM kanda ya 37 Kusini
- EPSG:32737 ni WGS 84, UTM kanda ya 37 Kusini
- EPSG:21036 na EPSG:32736 ni hizo hizo kwa kanda ya 36
- EPSG:4326 ni WGS 84 kwa digrii

Faili la .prj (linalotaja mfumo wa koordineti) likiwepo, liamini nusu. Mara nyingi mtu hupokea faili lisilo na .prj, huchagua mfumo wa kwanza unaojitokeza, na kosa hilo husafiri na data miaka yote. Uthibitisho hupatikana ardhini. Tafuta nukta tatu hadi tano zilizotawanyika ambazo koordineti zake za WGS 84 unazijua kwa uhakika: nguzo za upimaji, pembe za matangi, vituo vya pampu, makutano ya barabara. Tazama tofauti. Zote zikisogea mita 300 upande mmoja kwa kiasi kile kile, umepata Arc 1960. Kila moja ikisogea kivyake, tatizo ni upimaji wenyewe, na hakuna badiliko la datumu litakalolitibu. Picha ya setilaiti ya kwenye mtandao inatosha kwa kutofautisha mita 300. Haitoshi kwa kuhukumu mita 3, kwa kuwa picha zenyewe huweza kuwa zimesogea kwa mita kadhaa.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, hata wazoefu: kutaja mfumo na kubadilisha mfumo ni kazi mbili tofauti. Kwenye QGIS, "Set Layer CRS" hutaja tu kwamba tarakimu hizi ni za mfumo fulani, hazigusi. "Reproject Layer" hukokotoa tarakimu mpya. Data ya Arc 1960 isiyo na .prj inahitaji kwanza itajwe kuwa 21037, ndipo igeuzwe kwenda 32737. Ukiitaja moja kwa moja kuwa 32737, umeipa jina la uongo na umbali wa mita 300 unabaki pale pale.

Kuna jambo jingine. Kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 kuna njia zaidi ya moja. Zione:

```
projinfo -s EPSG:21037 -t EPSG:32737 --spatial-test intersects -o PROJ
```

Seti tatu za vigezo zinazotumika sana, kwa mita za X, Y na Z, ni: wastani wa eneo zima -160, -6, -302, Kenya -157, -2, -299, Tanzania -175, -23, -303. Kwa Dar es Salaam, kutumia vile vya wastani badala ya vya Tanzania hukusogeza takriban mita 5, na kutumia vya Kenya hukusogeza karibu mita 9. Mamlaka ikitumia seti moja na halmashauri ikatumia nyingine, data "iliyobadilishwa sawasawa" na pande zote mbili haitalingana. Usiiachie programu ichague. Andika vigezo mwenyewe:

```
ogr2ogr -f GPKG mabomba_wgs84.gpkg mabomba.shp \
  -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:32737 \
  -ct "+proj=pipeline +step +inv +proj=utm +zone=37 +south +ellps=clrk80 +step +proj=push +v_3 +step +proj=cart +ellps=clrk80 +step +proj=helmert +x=-175 +y=-23 +z=-303 +step +inv +proj=cart +ellps=WGS84 +step +proj=pop +v_3 +step +proj=utm +zone=37 +south +ellps=WGS84" \
  -nln mabomba -nlt PROMOTE_TO_MULTI
```

Ndani ya QGIS jambo hilo hilo huwekwa kwenye sifa za mradi, ukurasa wa "Transformations". Elewa pia kikomo chake: vigezo hivi vitatu vina mashaka ya mita kadhaa, pengine zaidi ya kumi. Vinafaa kwa mabomba, barabara na huduma za jamii. Havifai kwa mipaka ya viwanja. Kwa mipaka, omba vigezo vya eneo lako kwa wapima, au pima upya alama za mipaka kwa GPS ya usahihi wa sentimita.

Ukiwa Dodoma una shida ya ziada. Mstari unaotenga kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36, na jiji lipo takriban 35.75, yaani kanda ya 36, wakati maeneo ya mashariki yake yako ya 37. Usigawe tabaka moja katika faili mbili. Hifadhi data ya pamoja kwa EPSG:4326, kisha kila upande ugeuze kwenda kanda yake unapotaka kupima urefu au eneo. Na usipime eneo kwa EPSG:3857 popote pale. Dar es Salaam kosa lake ni kama asilimia 2.1, maana yake hekta moja huongezewa takriban mita za mraba 210. Ni dogo kiasi cha kutotiliwa shaka, na ni kubwa kiasi cha kuleta ugomvi wa fidia.

Hatua ya 3: Chagua chombo cha kubebea data

Shapefile imezoeleka mno, na bado tunashauri uiache kwa kazi ya kupeana data. Majina ya safu hukatwa yakizidi herufi 10. Safu yako ya `kipenyo_bomba_mm` hugeuka `kipenyo_bo`, na kama una `kipenyo_bomba_zamani` nayo hugongana na ile ya kwanza ikapewa jina kama `kipenyo__1`. Maelezo hayazidi herufi 254. Tarehe hazibebi saa. Thamani tupu za namba huandikwa 0 na baadhi ya programu, na bomba lisilojulikana kina chake huonekana limelala juu ya ardhi. Pia ni rundo la mafaili: .shp, .shx, .dbf, .prj, .cpg. Anayetuma kwa simu hutuma .shp peke yake, na mpokeaji hana cha kufanya nalo.

Tumia GeoPackage. Ni faili moja lenye matabaka mengi, majina marefu, tarehe kamili na mfumo wa koordineti ndani yake. Liko chini ya OGC, shirika la viwango vya data za kijiografia lililoanzishwa mwaka 1994, na ArcGIS hulisoma. Tahadhari mbili. Kwanza, ukilinakili wakati limefunguliwa ndani ya QGIS, mabadiliko ya mwisho huwa bado yamo kwenye mafaili ya pembeni yenye mwisho wa -wal na -shm. Funga mradi kwanza, hakikisha mafaili hayo yametoweka, ndipo utume. Pili, usiliweke kwenye folda ya mtandao watu watatu walihariri kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya PostGIS.

GeoJSON inafaa kwa tovuti na programu za simu. Kanuni yake ya sasa, RFC 7946 ya mwaka 2016, inataka WGS 84 kwa digrii, longitudo ikitangulia. GeoJSON yenye mita za UTM ni kosa, hata kama programu yako imekubali kuiandika. Ongeza `-lco RFC7946=YES` kwenye ogr2ogr ili ikugeuzie yenyewe.

CSV itumie tu pale isipoepukika, kwa sababu kuna mtu ataifungua kwa Excel. Msimbo wa mkoa wa Dar es Salaam ni 07. Excel huufanya 7. Kuanzia hapo hauungani na jedwali lolote la Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Safu za misimbo ziwe za maandishi daima, na Excel ielekezwe hivyo wakati wa kuingiza data, kwa maana sufuri ikishadondoka hairudi kwa kubadili muundo wa seli.

Hatua ya 4: Safisha majina

Sehemu hii huonekana ndogo na ndiyo hula siku nyingi. Chukua jina Ng'ambo, la Zanzibar, au Mang'ula ya Morogoro. Ile alama iliyo kati ya g na herufi inayofuata huandikwa kwa namna angalau tatu: alama iliyonyooka ya kibodi, alama iliyopinda kulia ambayo Word huiweka yenyewe, na iliyopinda kushoto. Kwa macho ni jina moja. Kwa kompyuta ni majina matatu. Faili la UTF-8 (usimbaji wa kawaida wa herufi kwenye kompyuta) likisomwa kwa usimbaji mwingine, unapata na la nne: `Ngâ€™ambo`. Unapounganisha takwimu na ramani, kata hizo hubaki nyeupe.

Kwenye PostGIS zirudishe zote kwenye alama iliyonyooka na uondoe nafasi za ziada:

```
UPDATE kata SET jina =
  trim(replace(replace(jina, U&'\2019', ''''), U&'\2018', ''''));
```

Hata hivyo jina si ufunguo. Kata iitwayo Majengo ipo Dodoma, ipo na Moshi. Unganisha kwa msimbo wa utawala: mkoa, wilaya, kata. Na taja msimbo huo ni wa mwaka gani, kwa kuwa mipaka hubadilika. Mkoa wa Songwe ulitoka Mbeya mwaka 2016. Ubungo na Kigamboni zimetokana na Kinondoni na Temeke. Takwimu za sensa ya 2012 zikilinganishwa na za sensa ya 2022 bila kuoanisha mipaka, Temeke itaonekana imepoteza watu ambao hawajahama.

Hatua ya 5: Kubalianeni maana, safu kwa safu

Kaeni pamoja, mtu mmoja anayejua kazi ya uwanjani kutoka kila upande, si watu wa kompyuta peke yao. Andikeni jedwali lenye nguzo tano: jina la safu upande wa kwanza, jina upande wa pili, aina, kipimo, na thamani zinazoruhusiwa. Kwa mabomba, yale yanayoumiza ni haya.

Kipenyo. Bomba la plastiki la 110 huitwa hivyo kwa kipenyo cha nje. Bomba la chuma la inchi 4 au DN 100 huitwa kwa kipenyo cha kawaida kinachokaribia cha ndani. Ukiyaweka katika safu moja iitwayo "kipenyo", mhandisi anayekokotoa msukumo wa maji atapata majibu ya uongo. Tengenezeni safu mbili: `kipenyo_mm` na `aina_kipenyo`, ya pili ikiruhusu "nje" au "kawaida" tu.

Kisichojulikana. Wekeni tofauti kati ya "hakuna", "haijulikani" na "haihusiki". Sufuri isitumike kwa lolote kati ya haya. Wala 999.

Tarehe. Mwaka, mwezi, siku: 2024-03-05. Tarehe ya 05/03/24 ni Machi kwa mmoja na Mei kwa mwingine.

Hali ya bomba. Upande mmoja una "linafanya kazi, limeharibika", mwingine una namba 1 hadi 5. Usilazimishe moja iwe nyingine ndani ya data asili. Tengenezeni mwonekano unaotafsiri, data asili ibaki kama ilivyo:

```
CREATE VIEW kushirikisha.mabomba AS
SELECT kitambulisho, geom,
       dia::integer AS kipenyo_mm,
       CASE WHEN mat IN ('PVC','uPVC','HDPE') THEN 'nje'
            WHEN mat IN ('GI','DI','ST') THEN 'kawaida'
       END AS aina_kipenyo,
       CASE hali WHEN 1 THEN 'zima' WHEN 2 THEN 'zima'
                 WHEN 3 THEN 'linavuja'
                 WHEN 4 THEN 'limekatwa' WHEN 5 THEN 'limekatwa'
                 ELSE 'haijulikani' END AS hali
FROM ndani.mabomba;
```

Ongezeni safu ya usahihi wa mahali, kwa mita. Bomba lililochorwa kwa GPS ya mkononi lina mashaka ya mita 3 hadi 10. Lililopimwa kwa RTK (GPS ya wapima inayosahihishwa papo hapo) lina ya sentimita chache. Ukiziunganisha pamoja bila kujua ipi ni ipi, unaweza kuvuta mstari sahihi uende kwenye mstari mbovu.

Hatua ya 6: Kila kitu kiwe na kitambulisho kisichobadilika

Namba za `fid` na `OBJECTID` ni za programu, na hupangwa upya faili linapohamishwa. Bomba namba 418 leo si namba 418 kesho. Toeni kitambulisho cha kudumu pale data inapozaliwa. PostgreSQL kuanzia toleo la 13 ina kazi hii ndani yake:

```
ALTER TABLE ndani.mabomba
  ADD COLUMN kitambulisho uuid NOT NULL DEFAULT gen_random_uuid();
```

Kisha kubalianeni nani ni mwenye neno la mwisho kwa kila tabaka, na ikibidi kwa kila safu. Mabomba ni ya mamlaka ya maji; barabara ni za halmashauri. Halmashauri ikiona bomba limekosewa, hutuma maoni yenye kitambulisho, haiharibu nakala yake kimyakimya. Bila kanuni hii, baada ya miezi sita mna mabomba ya aina mbili na hakuna anayejua yapi ni ya kweli.

Hatua ya 7: Pima afya ya jiometri

Programu moja huvumilia poligoni (umbo funge, kama kiwanja) inayojikata yenyewe, nyingine huikataa, ya tatu huikubali na kukupa eneo la uongo. Tafuta kabla ya kutuma:

```
SELECT kitambulisho, ST_IsValidReason(geom)
FROM ndani.viwanja WHERE NOT ST_IsValid(geom);
```

Zikiwa chache, zirekebishe kwa mkono ukitazama ramani. Zikiwa maelfu, tumia `ST_MakeValid`, ila ujue kwamba inaweza kurudisha mchanganyiko wa poligoni na mistari. Chuja poligoni peke yake kwa `ST_CollectionExtract(ST_MakeValid(geom), 3)`, kisha linganisha eneo kabla na baada. Kiwanja kilichopungua zaidi ya mita ya mraba moja kitazamwe na binadamu.

Hatua ya 8: Amua kama ni faili au huduma

Wengi hukimbilia seva mapema. Kama data hubadilika mara moja kwa mwezi na intaneti ni ya kusuasua, GeoPackage inayotumwa kila tarehe 1 ni bora kuliko seva inayozimika umeme ukikatika. Seva ina maana pale data inapobadilika kila siku na kuna mtu wa kuitunza.

Ukifika huko, GeoServer, programu ya seva ya ramani, juu ya PostGIS inatosha. WMS hutoa picha ya ramani: mpokeaji anaona, hawezi kukokotoa. WFS hutoa data yenyewe. OGC API – Features, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2019, hutoa data kwa njia rahisi zaidi kwa watengeneza programu. Tengeneza mtumiaji wa hifadhidata anayeweza kusoma tu, na umpe ruhusa kwenye schema (sehemu ya hifadhidata) ya `kushirikisha` peke yake.

Unaposajili tabaka kwenye GeoServer, tazama mfumo wa asili na mfumo uliotangazwa. Vikitofautiana, chagua "Reproject native to declared". Ukiacha "Force declared", umerudia lile kosa la Hatua ya 2, sasa kwa kila anayeunganisha.

Halafu kuna mpangilio wa mihimili. WMS 1.1.1 kwa EPSG:4326 hutaka longitudo kwanza: `bbox=39.0,-7.2,39.6,-6.5`. WMS 1.3.0 hutaka latitudo kwanza: `bbox=-7.2,39.0,-6.5,39.6`. WFS 1.1.0 na 2.0 nazo hufuata latitudo kwanza ukitaja mfumo kwa mtindo wa `urn:ogc:def:crs:EPSG::4326`. Ramani ikiwa tupu na seva haina kosa lolote, anza kushuku hapa. Kutumia `CRS:84` kwenye WMS 1.3.0 hukuondolea utata, kwani yenyewe ni longitudo kwanza daima.

Kabla ya kumkabidhi mtu anwani, hesabu kilichomo:

```
https://seva.mfano/geoserver/wfs?service=WFS&version=2.0.0
  &request=GetFeature&typeNames=maji:mabomba&resultType=hits
```

(Iandike kwa mstari mmoja.) Jibu lina `numberMatched`. Lilinganishe na idadi iliyomo kwenye hifadhidata. Likilingana lakini mpokeaji akapata vitu pungufu, kuna kikomo cha idadi kwa ombi moja, upande wa seva au upande wa programu yake; washa upakuaji wa kurasa kwa kurasa.

Hatua ya 9: Ondoa watu, andika leseni

Jedwali la mita za maji lina majina, namba za simu na madeni. Hayo hayatoki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na hata bila sheria, mteja hakutoa jina lake ili lizunguke kwenye ramani. Kufuta safu ya jina hakutoshi: nukta ya mita iliyo juu ya nyumba humtambulisha mwenye nyumba. Toa jumla kwa mtaa, na tabaka la mita libaki ndani.

Upande wa pili, angalia ulichokichukua. Data za OpenStreetMap, zikiwemo za majengo na mifereji ya Dar es Salaam zilizokusanywa na mradi wa Ramani Huria, ziko chini ya leseni ya ODbL. Unatakiwa kutaja chanzo, na ukizichanganya na zako kuwa hifadhidata moja na kuitoa kwa umma, hifadhidata hiyo nayo inapaswa kutoka kwa leseni hiyo hiyo. Kama hamtaki hivyo, ziwekeni kwenye tabaka lake peke yake.

Metadata (maelezo kuhusu data yenyewe) ya ukurasa mmoja inatosha kuanzia: jina la tabaka, cheo cha mwenye data, tarehe ya kukusanya na ya kutoa, njia ya upimaji na usahihi, msimbo wa EPSG, vigezo vya datumu vilivyotumika, mwaka wa mipaka ya utawala, maana ya kila safu, leseni. Iwekwe ndani ya GeoPackage kupitia sifa za tabaka kwenye QGIS, maana faili la Word lililo pembeni hupotea mara ya kwanza data inapopelekwa kwa mtu wa tatu.

Hatua ya 10: Jaribio la kwenda na kurudi

Chagua vitu 100, na viwemo vile vigumu: bomba linalovuka mpaka wa kata, kiwanja chenye tundu katikati, jina lenye ng', safu tupu, msimbo unaoanza na sufuri. Watumie upande wa pili. Wavipakie kwenye mfumo wao, wavitoe tena, wavirudishe. Pakia vilivyorudi kwenye jedwali jipya, kisha:

```
SELECT count(*), sum(ST_Length(geom)), ST_Extent(geom),
       count(kipenyo_mm), count(DISTINCT kitambulisho)
FROM jaribio.mabomba_yaliyorudi;
```

Endesha swali hilo hilo kwenye asili. Idadi ikipungua, kuna jiometri zilizokataliwa. Idadi ikiongezeka, jiometri zenye vipande vingi zimevunjwa. Urefu ukibadilika kwa sentimita ni kukadiriwa kwa desimali. Ukibadilika kwa takriban asilimia 0.7 hadi 1.4, kutegemea mwelekeo wa mabomba, mtu amepitisha data kwenye Web Mercator na kuipima humo. `count(kipenyo_mm)` ikiongezeka, tupu zimegeuka sufuri. Mipaka ikisogea mita 300, rudi Hatua ya 2.

Rudieni jaribio hili kila upande mmoja unapobadilisha toleo la programu, si mwanzoni tu. GDAL toleo la 3 na PROJ 6 (programu inayokokotoa mabadiliko ya koordineti), zilizotoka mwaka 2019, zilibadilisha namna mpangilio wa mihimili na uchaguzi wa vigezo vya datumu unavyofanyika. Skripti iliyofanya kazi vizuri chini ya matoleo ya nyuma inaweza kutoa majibu tofauti bila herufi moja kuguswa.